Labda au Hatimaye

Jumatatu, 8 Aprili

Leo nimewatajia darasa la tisa mada yetu ya mwisho kabla ya mtihani wa kuzungumza: tabianchi. Mguno mmoja mrefu, kama ng'ombe anayekataa kupanda lori.

"Jamani, Solvej! Tena?" Huyo ni Storm, msemaji wao asiyechaguliwa na mtu. Dubu weupe walisoma darasa la nne, anasema. La tano plastiki. La sita walitenganisha takataka kwa bidii mpaka mama yake akamfukuza jikoni. Na jina lake lenyewe maana yake ni dhoruba, kwa hiyo kila nikitaja upepo anainua mkono: samahani, mnanisengenya?

Nikacheka, nikawaachia waseme kwa Kiingereza wanachokijua. Lo! Wanajua. Ukame, mafuriko, barafu kuyeyuka — yanawatoka kama wanaagiza piza. Nikauliza, haya, mambo hayo yanatokea wapi? Bangladeshi, wakasema. Visiwa vya Pasifiki. Kalifonia. Hakuna hata mmoja aliyetazama dirishani!

Na dirishani kuna nini? Malisho, kondoo, tuta la kuzuia bahari. Nyuma ya tuta ni bahari yenyewe, ambayo ikijaa vizuri inakuwa juu kuliko meza yangu. Sisi wa kijiji hiki cha Nørrekog, pwani ya Denmark, tumezaliwa tukiwa chini ya maji na wala hatuna habari.

Basi nimetoa amri. Kila mtu achague mada anayoiona kutoka dirisha la darasa letu. Dubu marufuku. Wakalalamika sana — hapa hakuna kitu, Solvej, hapa ni majani tu! Storm ndiye wa kwanza kuandikisha: ushuzi wa ng'ombe. Darasa likavunjika mbavu. Nikamrekebisha kwamba gesi nyingi ya ng'ombe ni mbweu, ushuzi ni sehemu ndogo tu. Alisikitika kweli kweli, lakini mada ameishika.

Kisha Vigga, yule wa dawati la nyuma, ambaye hainui mkono mpaka awe na uhakika. "Tuta," akasema. Neno moja tu.

Nikafurahi mno. Baba yake Vigga, Regnar, ndiye msimamizi wa tuta letu, na babu yake alikuwa vilevile. Nani wa kulisimulia kama si yeye? Mtahini wa nje atakayekuja Juni atapenda. Nimekwenda nyumbani kwa baiskeli, upepo nyuma, naimba.


Alhamisi, 11 Aprili

Vita vyangu vya kila mwaka vimeanza. Adui ni yuleyule: "eventually".

Sisi tuna "eventuelt", Wajerumani wa ng'ambo ya mpaka wana "eventuell", na yote mawili ni labda, pengine, tuone kwanza. Neno la adabu kabisa. Waingereza wana neno linalofanana nalo kama pacha, ila roho yake nyingine! Kwao "eventually" ni hatimaye. Mwisho wa yote. Upende usipende. Kila Mdeni anayejifunza Kiingereza hutumbukia humo, na akishatumbukia hajui kama ametumbukia.

Mwaka juzi kijana wangu mmoja alimwandikia binti wa Uskoti kwamba labda atakuja sikukuu ya Krismasi na labda watakuwa wachumba. Binti akasoma: hatimaye nakuja, hatimaye tutakuwa wachumba. Mama wa binti akapiga simu shuleni. Nilizungumza naye mimi. Kwa heshima zote.

Kwa hiyo sheria ya darasa langu ni hii: anayelikosea neno hilo analeta keki ya kutosha darasa zima. Walimu wenzangu wananiita mlafi. Ni kweli, lakini watoto hawasahau.


Ijumaa, 19 Aprili

Nimesahihisha mihtasari yao leo asubuhi, kalamu ya kijani mkononi (nyekundu inawatia huzuni, siku hizi tunaambiwa). Storm ameandika vizuri kuliko nilivyotegemea. Kichwa cha habari chake siwezi kukiandika hapa.

Wa Vigga ulikuwa na sentensi fupi fupi, safi. Babu alijenga. Baba analinda. Kondoo wanalikanyaga linakuwa gumu. Halafu: "Eventually the dike will break. Eventually we will have to move." Nikacheka peke yangu. Hata wewe, Vigga! Nikafuta yote mawili, nikaandika juu yake neno la Kiingereza la labda. Labda tuta litabomoka. Labda itabidi tuhame. Hapo sasa inasomeka kama watu wenye akili wanavyozungumza.

Niliporudisha karatasi sikujizuia, nikatangaza. Darasa zima: "Keki! Keki! Keki!" Storm akadai yenye krimu.

Vigga akasema hakukosea.

Nikamwambia wote husema hivyo, mpenzi wangu. Wakacheka, nikacheka. Yeye akaikunja karatasi, akaikunja tena, akaitia mfukoni.


Jumamosi, 20 Aprili

Nimekutana na Regnar dukani, mbele ya maziwa. Mtu mkubwa yule, anaziba rafu nzima. Nilisoma naye shule hii hii ninayofundisha. Alikuwa akinivuta nywele. Sasa ananisalimia kwa kunigonga bega na nusura nianguke kwenye jibini.

"Solvej! Nasikia binti yangu anawaelezea Waingereza habari za tuta langu!"

Nikamwambia ndiyo, na anaeleza vizuri. Akavimba kwa furaha. Akamwambia binti wa kaunta, akamwambia na mzee wa watu aliyekuwa anatafuta mayai. Mkewe aliondoka miaka kadhaa iliyopita, anaishi Odense na mtu mwingine, na Vigga ndiye aliyeamua mwenyewe kubaki shambani na baba yake. Toka hapo, Regnar hasemi "mimi". Anasema "sisi na Vigga".

Sasa, anasema, sisi na Vigga tunajenga banda jipya la ng'ombe. La kisasa, mashine za kukamua zinazojiendesha zenyewe. Mkopo umekubaliwa. Atatia saini benki siku ya pili yake baada ya sherehe yetu ya wazazi, ile ya mwezi Mei ambapo watoto wanawasomea wazazi mada zao. "Mimi nimeshakula chumvi nyingi, Solvej, banda la zamani lingenitosha mpaka nife. Hili ni lake."

Nikamuuliza kama atakuja kwenye sherehe. Mbona umeniuliza, akasema, nitakaa mbele! Kiingereza hana. Kijerumani anacho cha kuwauzia watalii viazi, lakini Kiingereza chake, kwa maneno yake mwenyewe, ni cha trekta: "yes", "no", na "full". Nikamwambia Vigga anasema polepole, atapata mawili matatu.

Nimesahau maziwa. Mume wangu Aksel amekunywa kahawa nyeusi na kunitazama kama yatima.


Jumatatu, 22 Aprili

Keki imefika! Ya chokoleti, krimu pembeni. Vigga aliiweka mezani, akagawa mwenyewe, kila mtu kipande. Nikala changu na nusu ya cha Storm, ambaye alikuwa na kamasi.

Pamoja na keki, karatasi. Nikaifungua mapumzikoni. Labda zangu zote mbili amezikata kwa mstari. Juu yake, kwa mwandiko ule ule safi, amelirudisha lake.

Nikamwita. Vigga, faini umelipa na kosa umelirudia, hiyo ni ya wapi?

"Keki nimeleta kwa sababu wanataka keki," akasema. "Neno nililiandika kwa makusudi. Namaanisha hatimaye."

Kipande kilikuwa kinywani. Nikakimeza.

Akaniambia yote, na yote kwa Kiingereza. Nikamwambia, sema Kideni basi, tuko wawili tu, hakuna anayetoa alama. Akatikisa kichwa, akaendelea. Amesoma sana, kuliko nilivyowapa mimi. Tuta linaweza kuinuliwa, anajua. Litainuliwa, kisha litainuliwa tena, na bahari nayo inainuka, na ardhi yetu inadidimia kidogo kidogo. Si kesho. Huenda si zama za baba yake. Ila zama zake yeye, au za mtoto wake kama atazaa, kuna siku watu watakaa mezani na kusema basi, tumeshindwa, ondokeni. Hataki awe yeye anayekaa meza ile. Hataki shamba. Anataka kwenda kusoma, mbali, mahali penye kilima.

"Baba anamjengea banda mtu ambaye hatakuwepo," akasema.

Nikamuuliza, umemwambia? Hapana. Mbona unaniambia mimi kwa Kiingereza? Akafikiri kidogo. Akasema kwa Kideni hawezi hata kuanza. Akifungua mdomo tu anamsikia baba yake humo ndani, maneno yote ya tuta na bahari na ng'ombe ni ya baba yake, ndiye aliyemfundisha. Kwa Kiingereza baba hayumo. Kwa Kiingereza yuko peke yake na anaweza kusema.

Mimi mwalimu wa lugha miaka yote hii, nikaisoma tena karatasi yake.

Akauliza: siku ile ya wazazi, baba akikuuliza neno hilo maana yake nini, utamwambia ukweli?

"Bila shaka," nikasema. "Ndiyo kazi yangu." Nilikuwa na krimu kwenye kidevu. Nilisema upesi mno.


Alhamisi, 25 Aprili

Mkesha wa Siku Kuu ya Maombi. Serikali imeifuta sikukuu yenyewe, lakini mikate yake ya ngano bado inauzwa, na sisi tumeila ya moto na siagi kama kawaida, kwa hasira ya kizalendo.

Nimemweleza Aksel habari ya Vigga. Si kwa jina. Aksel alikuwa tarishi wa posta Nørrekog nzima, akanitazama tu: "Vigga wa Regnar." Hakuna siri katika kijiji hiki.

Anasema nisijiingize. "Wewe fundisha Kiingereza chako, mama. Mambo ya banda ni ya kwao."

Ndiyo Kiingereza chenyewe! nikamwambia. Hilo ndilo linaloniumiza kichwa. Miaka yote nimefundisha tabianchi kama msamiati. Jaza nafasi zilizo wazi. Barafu ina-nini? Ina-yeyuka. Vizuri sana, Storm! Sasa mtoto mmoja amejaza nafasi kwa neno lake mwenyewe, na neno ni sahihi, nami natafuta kosa.

Aksel akanipakia siagi mkate mwingine. Ndivyo anavyoshindwa hoja.


Jumamosi, 27 Aprili

Ukaguzi wa tuta! Napenda siku hii kuliko siku yangu ya kuzaliwa. Kijiji kizima na mabuti, kila mmoja na fimbo, tunatembea juu ya tuta toka lango la maji mpaka mwisho, tunachomeka fimbo katika kila tundu kuona fuko wamefika wapi. Kondoo wanatuangalia kama wenye nyumba. Juani ndege aina ya kwezi wametanda angani, wanageuka pamoja, weusi, weupe, weusi. Mwishoni kuna pombe kali ya glasi ndogo, moja kwa baridi na moja kwa bahari.

Regnar alitangulia na kofia yake ya sufu. Yule bwana ni mwingine kabisa akiwa juu ya tuta. Anapiga magoti, anatia mkono tunduni mpaka begani, anatoa udongo, anaunusa. "Huyu fuko wa mwaka jana. Ameshahama." Watu wakacheka, lakini wakaandika. Watoto wanamuogopa na kumpenda. Akaniita nishike utepe wa kupimia, akanitania kwamba mwalimu wa Kiingereza hajui hata kushika ncha ya utepe.

Vigga alikuwa nyuma yake muda wote na mfuko wa mbegu za majani, anafukia pale baba anapotoka. Wanafanya kazi bila kusemezana. Baba ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na sepetu inakuwa hapo.

Karibu na lango la maji tukapumzika. Mhandisi wa halmashauri, kijana mpole mwenye buti jipya, akasema tuta litahitaji kuinuliwa, na kwamba kwa makadirio mapya... Regnar akamkata. "Makadirio, makadirio. Baba yangu alikadiriwa kuishi mwaka mmoja baada ya mapafu kuharibika. Akajenga hili." Watu wakashangilia. Akapandisha glasi.

Lakini nilikuwa nimesimama karibu naye. Wenzake waliposhuka kwenda kula mikate, yeye alibaki anatazama upande wa bahari. Maji yalikuwa yamejaa. Akaweka fimbo yake kwenye majani, pale ambapo uchafu wa dhoruba ya majira ya baridi umeacha mstari, akaangalia juu mpaka kileleni, akaangalia tena chini. Hakuna nafasi kubwa hapo. Hata mimi niliona.

Aliponiona namtazama, akanikonyeza. "Mikate inaisha, Solvej!"


Jumanne, 7 Mei

Mashine ya kutoa nakala imekufa. Imekufa kabisa, na karatasi zangu za mbweu ndani yake. Fundi anasema labda atakuja Alhamisi. Labda halisi, ya Kideni.

Storm amefanya majaribio. Akasoma mada yake kwa uso mkavu kama mtangazaji wa habari, akiwa na jedwali na kila kitu, na nimejifunza mambo kuhusu tumbo la ng'ombe ambayo sitayasahau mezani. Mwishoni akasema kitu ambacho hakikuwa kwenye muhtasari: mjomba wake ana ng'ombe wengi, na anampenda mjomba wake, kwa hiyo hajui amalizie vipi. Akakaa. Nikamwambia amalizie hivyo hivyo.

Kumbe wanaweza. Ukiwanyang'anya dubu tu.


Jumanne, 14 Mei

Majaribio ya Vigga. Tumebaki wawili baada ya kengele.

Anasoma vizuri. Sauti haitetemeki. Kuna sehemu ya babu yake akijenga tuta wakati wa baridi kali, nilitaka kupiga makofi. Kisha sentensi zile mbili. Katikati yake anasita kidogo, si kwa kusahau.

Nikajaribu kila mlango. Nikasema, mwambie baba kwanza, nyumbani, kwa Kideni, hata vibaya vibaya. Akasema amejaribu mara mbili, kwenye banda la zamani wakati wa kukamua. Mara ya kwanza baba akadhani anaumwa. Mara ya pili akamwonyesha michoro ya banda jipya, mahali atakapowekewa ofisi yake. Yenye dirisha.

Nikasema, basi tutafute neno la katikati. Kiingereza kinayo mengi. Tuta linaweza kubomoka. Ipo hatari kwamba. Nilimwandikia matatu, mazuri yote, mtahini angefurahi.

Akayasoma. Akanirudishia karatasi. "Solvej, umetufundisha mwaka mzima tuseme tunachomaanisha. Mpaka tukanunua keki."

Nikacheka na kutaka kulia wakati mmoja. Nilikuwa namwomba mtoto akosee, ili mimi niishi kwa amani.

Anataka tu baba akae pale, asikie, hata kama haelewi. Anasema atakuwa amemwambia. Nikamuuliza, na akielewa? Akasema hapo nitakuwepo mimi, mwalimu wa kumweleza.


Ijumaa, 17 Mei

Wanorwei wanasherehekea taifa lao, kila redio ni matarumbeta. Sisi tumepanga viti.

Regnar amepita shuleni na trela la meza za kukopesha, hakuombwa. Amezishusha mwenyewe, amezifuta. Aliniuliza wazazi wavae nini. Kitu safi tu, nikamwambia. Nimemwona amesimama mbele ya ubao ambapo mada zote zimebandikwa, anasoma ya binti yake kwa kidole, neno kwa neno, midomo inatembea. Alipofika sentensi zile alitikisa kichwa kukubali. Akaendelea.

Nilikuwa na chaki mkononi. Ningeweza kuvuka chumba hapo hapo, hatukuwa na mtu mwingine. Nikamshukuru kwa meza.


Jumatano, 22 Mei

Kesho. Aksel ameoka. Mimi nimepiga pasi gauni la bluu na kumpigia kelele paka asiye na hatia.


Alhamisi, 23 Mei

Naandika nimesimama. Chumba cha walimu, kando ya mashine ya kahawa. Daftari lilikuwa mkobani, namshukuru Mungu, maana nisipoandika nitatoka kupitia dirishani.

Kila kitu kilikwenda vizuri mno! Ukumbi ulijaa. Keki za kutosha kuizamisha Nørrekog bila msaada wa bahari. Storm alianza, wazazi wakacheka mpaka bibi yake akatolewa nje kupumua. Mjomba mwenye ng'ombe alikuwepo. Alipiga makofi kuliko wote, ingawa masikio yalikuwa mekundu.

Kisha Vigga. Regnar mbele kabisa, shati jeupe, nywele amezilaza kwa maji. Alikuwa ameshika kwa mikono miwili karatasi ya programu, yenye maneno ya kila mtoto. Vigga hakumtazama. Alitazama juu ya vichwa vyetu, upande wa dirisha, akasema yote polepole na wazi, kama nilivyomwahidi baba yake atakavyosema. Aliposema babu, Regnar alimgusa jirani yake. Vigga aliposema neno lile mara ya kwanza, Regnar akatikisa kichwa kukubali. Mara ya pili, akatikisa zaidi, anatabasamu, kama mtu aliyekutana na rafiki ugenini. Lugha zake zote mbili zilikuwa zinamwambia labda. Tuta labda litabomoka, labda tutahama. Nani anayekataa labda? Hata yeye husema hivyo, siku za dhoruba.

Wazazi vijana wanaojua Kiingereza hawakutikisa vichwa. Mama mmoja aliweka uma chini. Makofi yalichelewa kidogo. Yakaja.

Nami nikajipa shughuli ya visahani. Regnar akanikuta huko. Amemshika Vigga bega, uso umemwiva kwa furaha.

"Solvej! Nimeelewa karibu yote! Babu, kondoo, bahari. Na lile la mwisho, 'eventually', si ni letu lile? Labda?"

Nikamtazama Vigga. Akasema, kwa Kideni, sauti ndogo: "Muulize Solvej."

Regnar akacheka. Akamtazama yeye, akanitazama mimi. Kicheko kikapungua, hakikuisha mara moja, kilitoka usoni kipande kipande. Nyuma yake watu walikuwa wanajifanya wanakata keki.

"Ni labda, Solvej," akasema. "Au?"

Nami, mwalimu mkuu wa neno hilo katika Ufalme wote wa Denmark, mla keki zake, nikasema kahawa imekwisha, ngoja nilete nyingine.

Mwoga! Mwoga, mwoga.

Nikisema labda, kesho anakwenda benki akipiga mluzi. Vigga atakaa kimya, na sidhani kama atajaribu tena, kwa lugha yoyote. Nikisema hatimaye, nimemwambia mbele ya keki na majirani kwamba binti yake anaondoka, na kazi ya baba yake inakwenda na maji. Sentensi mbili, neno moja. Si mimi niliyeliandika! Lakini nilimwambia bila shaka, ndiyo kazi yangu.

Na kuna jingine linanisumbua zaidi. Lile "au?" lake. Nilikuwa karibu naye juu ya tuta siku ile, niliona alivyopima kwa fimbo. Yule mtu hakuuliza kama asiyejua. Aliuliza kama anayeniomba kitu. Ananijua tangu utoto, anajua kwamba nikimwambia labda atalichukua, atalibeba nyumbani, na hatauliza tena.

Nataka kumpa. Mungu wangu, nataka kumpa! Nampenda yule mjinga aliyenivuta nywele. Na msichana yule amesimama pale anasubiri niseme kama kweli alikosea.

Jagi limejaa. Kupitia kioo cha mlango nawaona. Hawajaondoka, hawajakaa. Watu wamewapisha kidogo. Regnar ameikunjua programu, anaipitishia kidole tena, kwenye sentensi ile ile, na Vigga anaangalia kidole.

Sasa anakuja. Vigga. Amechungulia mlangoni.

"Solvej, baba anasema kahawa hataki. Anataka neno."

Nimemjibu kwamba nakuja. Nimemjibu kwa Kiingereza, lugha anayosemea ukweli.